Jina la Dundu wa Sandarusi

Ghala la mzee Pyarali lilikuwa Malindi, mtaa wa mjini Unguja, na chumba chake cha mwisho kilikuwa hakijafunguliwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1965 serikali ililitaka ghala lile, mzee akapewa siku kumi kutoa vitu vyake. Watoto wake wa kiume walikwisha kuondoka Unguja, mmoja baada ya mwingine, tangu mwaka wa Mapinduzi. Aliyebaki ni binti yake, Dilshad, mwalimu wa kuchora katika skuli ya wasichana. Dilshad akamwomba shoga yake Kazija Matar, aliyekuwa akisomesha biolojia skuli hiyohiyo, aje amsaidie.

Chumba kile kilikuwa kimejaa magunia ya sandarusi. Zamani ilikuwa biashara kubwa. Utomvu wa miti iliyokufa kale ulizama ardhini ukagandamana mpaka ukawa kama jiwe la rangi ya asali. Watu waliuchimba huko Bara, ukaletwa Unguja, ukaoshwa, kisha ukapelekwa Ulaya kutengenezewa vanishi. Baba wa mzee Pyarali alitajirika kwa biashara ile. Baadaye zikaja rangi za viwandani, sandarusi ikakosa mnunuzi, na magunia yakaachwa yaoze pale yalipo.

Kazija naye alikuwa na chake katika magunia yale, ingawa hakuwa amewahi kumwambia Dilshad. Babu yake Mabrouk alikuwa hamali. Ndiye aliyeyabeba mgongoni kutoka bandarini mpaka Malindi, pengine mpaka katika chumba kilekile, na alikufa amepinda kama mkwaju wa kutembelea.

Siku ya tatu Dilshad aliokota kipande kidogo, kama kokwa ya tende, akakitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Shoga, hebu njoo. Kuna nzi humu."

Kazija alikichukua, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakisogeza karibu na jicho. Hakukiondoa jichoni mpaka Dilshad akacheka.

"Kimekumeza?"

"Si nzi huyu," Kazija akasema. "Dundu. Tazama mbawa za juu, ngumu, zimefunika mgongo. Na vipapasio vyake… Dilshad, vipapasio vyake sivijui."

Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, mweusi, miguu kaikunja kana kwamba alinaswa akitafuta pa kushika. Mzee Pyarali aliitwa kuangalia. Akavaa miwani, akavua, akasema, "Chukueni. Huyu kalala hapa bure miaka yote."

Ndivyo walivyoanza. Kila Jumamosi walikutana Kikwajuni, nyumbani kwa Kazija na mama yake, Bi Mwatima, kwa sababu uwani kwao palikuwa na mwanga mzuri. Kazija aliazima hadubini ya skuli. Sandarusi haitazamiki vizuri ikiwa kavu, mikwaruzo huficha kilichomo, kwa hiyo walichemsha sukari ikawa shira, wakaidondosha jiweni, juu yake wakalaza kigae chembamba cha kioo. Hapo dundu alionekana wazi kama amekufa jana.

"Sukari yangu!" Bi Mwatima alilalama. "Watu wanaipangia foleni, nyinyi mnampa mdudu, na mdudu mwenyewe maiti!"

"Mama, huyu ni mgeni," Dilshad akamwambia. "Mgeni hupewa kitamu."

Bi Mwatima akacheka. Akawaletea chai ya mkandaa, haina maziwa wala sukari.

Dilshad alichora. Alikuwa na kalamu nyembamba ya wino na subira ambayo Kazija hakuwa nayo. Aliweka nukta juu ya nukta mpaka mgongo wa dundu ukainuka karatasini. Kazija alipima na kuandika. Alihesabu pingili za vipapasio, kumi na moja kila upande, na akaona kwamba zile nne za mwisho zimevimba kama rungu, hali katika vitabu vyote alivyovipata jamaa wa dundu huyu huvimba tatu tu. Aliandika kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, akifuta na kurudia. Sentensi moja ya bega la dundu ilimchukua wiki mbili.

Wakamwandikia mtaalamu mmoja wa Ulaya, wakamtumia michoro. Jibu lilifika baada ya miezi mitano. Alisema hajawahi kumwona dundu kama huyo. Lakini hawezi kuthibitisha mpaka ajue mguu wa mbele ukoje. Kama una jino kwa ndani, basi ni spishi mpya, haijaandikwa na mtu yeyote duniani.

Mguu wa mbele ulikuwa umefichwa na ufa. Ilibidi ubavu ule wa jiwe usuguliwe mpaka ufa uishe, na kati ya ufa na mguu palikuwa na nafasi ya unene wa ukucha. Mkono ukiteleza, mguu umekwenda.

"Sugua wewe," Dilshad akasema. "Mimi kazi yangu kalamu, jiwe siliwezi."

Kazija alisugua siku kumi na moja. Kwanza msasa wa maji, halafu kitambaa na unga wa chaki. Alisugua mara kumi, akaangalia. Mara kumi tena, akaangalia. Siku ya kumi na moja aliweka jicho kwenye hadubini, na Dilshad akamwona mabega yanaanza kumcheza.

"Umeukata?"

"Lipo," Kazija akasema. "Jino lipo."

Walikumbatiana, wakarukaruka uwani, kikombe kikavunjika. Bi Mwatima alitoka mbio jikoni, akauliza nani kaposwa.

Jioni ile waliandika ukurasa wa kwanza wa makala yao. Kazija alishika kalamu, kisha akasita. "Jina la nani litangulie?"

"Lako. M huja kabla ya P. Herufi zimeshaamua."

Kazija akaandika: K. Matar na D. Pyarali. Aliutazama mstari ule, na ndipo akamweleza habari za babu yake. "Alibeba magunia haya umri wake wote. Nimeuliza, nimetafuta, hakuna karatasi hata moja yenye jina lake. Si risiti, si daftari. Basi hili…" Hakumaliza. Dilshad alimshika mkono, wakakaa vivyo hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Jina la dundu mwenyewe liliwashinda. Dilshad alitaka aitwe wa Unguja. Kazija akakataa, akasema huyu kachimbwa Bara, na wao hawakuanza kazi ile ili waseme uongo. Wakaacha pengo. Walikuwa na wakati, au walidhani wanao.

Mwaka 1968 mamake Dilshad aliugua moyo, familia ikapata ruhusa ya kumpeleka Dar es Salaam kutibiwa. Kila mtu alijua hawatarudi, na hakuna aliyelisema. Iliamuliwa jiwe liende na Dilshad, kwa sababu ili dundu atambuliwe na wataalamu lazima jiwe lenyewe lihifadhiwe katika jumba la makumbusho, na kutoka Dar lingeweza kufika Ulaya kwa usalama zaidi. Lakini bandarini mizigo ilikuwa ikipekuliwa, na kitu chochote chenye kung'aa kiliulizwa maswali.

"Litie ndani ya kopo la ubani," Kazija akasema. "Rangi moja. Nani atakayepekua ubani punje kwa punje?"

Asubuhi ya safari Kazija alikwenda Kiponda, nyumbani kwa kina Dilshad, kuwaaga. Nyumba ilikuwa na mwangwi. Dilshad alikuwa amekaa juu ya sanduku, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali.

"Nitakuandikia nikifika," akasema. "Tukubaliane jina, kisha nipeleke makala."

"Andika mapema."

"Kazija, nikikuandikia, utanijibu?"

"Swali gani hilo? Kwani nina mwengine wa kumjibu?"

Dilshad alicheka, kisha akalia, na Kazija akambebea kopo la ubani mpaka mlangoni.

Barua mbili zilifika kutoka Dar, moja kutoka Nairobi. Mamake Dilshad alikuwa amefariki. Baada ya hapo wakavuka kwenda Uingereza, katika mji wenye baridi ambao Dilshad alimtumia anwani yake kwenye kadi bila kuueleza. Siku zile barua zilikuwa zikichelewa, nyingine zikipotea njiani bila kujulikana wapi. Mwaka 1969 ulipita mzima, haikufika hata moja. Kazija aliandika mara tatu, hakujua kama zake zinafika.

Mwezi wa Juni 1970 alipata bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na kurasa nane zilizochapwa kwenye karatasi ya kung'aa. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja juu ya ukurasa, mahali pa waandishi. Paliandikwa: D. Pyarali. Basi.

Akageuza ukurasa, akarudi. D. Pyarali. Sentensi ya bega la dundu ilikuwepo, ileile ya wiki mbili, hakuna neno lililobadilishwa. Jino la mguu wa mbele lilikuwepo. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, mwandishi alimshukuru Bi K. Matar wa Zanzibar kwa kupima na kusugua jiwe. Na katika kichwa cha makala, jina la spishi mpya: *kazijae*. Kazija, kavalishwa mkia wa Kilatini.

Kijikaratasi kilianguka kutoka ndani. Mwandiko wa Dilshad: "Sikupata jibu lako kwa lile swali, na mhariri hakuweza kungoja zaidi. Nimechagua nililoona litadumu. Kama nimekosea, niambie."

Swali gani? Kazija hakuwa ameulizwa swali lolote. Alikisoma kijikaratasi kile amesimama, akakaa, akakisoma tena, na kila akikisoma kilizidi kunuka uongo. Kamwibia, halafu kamsingizia kwamba alikuwa na nafasi ya kusema.

"Vipi?" Bi Mwatima akauliza. "Hajambo mwanangu Dilshad?"

"Hajambo."

"Mbona umebadilika uso?"

"Nimechoka, mama."

Barua aliyoiandika jioni ile ilikuwa ya mistari minne. "Nimepokea karatasi. Babu yangu aliwabebea, nami nimekubebea. Jina lililo juu ni lenu, kama siku zote. Usiniandikie tena." Akatia saini jina lake kamili, kama mtu anayemwandikia ofisi. Asubuhi aliitia posta kabla ya kwenda skuli, asije akapata wakati wa kufikiri.

Barua ile haikupotea.

Wiki zikapita, na Kazija akagundua jambo lililomtia aibu. Alikuwa akingoja. Alimwambia Dilshad asiandike, na kila siku akipita posta alitamani Dilshad awe hakumsikiliza. Karani wa posta, Hamad, aliyekuwa jirani yao, akamzoea.

"Leo pia hakuna, mwalimu."

"Sikukuuliza."

"Naam. Lakini hakuna."

Dilshad alikuwa mtu wa kusikia. Aliambiwa asiandike, hakuandika.

Mwaka 1972 akaja mgeni skuli, Dokta Abrahman, mhadhiri wa elimu ya wadudu kutoka Bara, mtu mpole mwenye kigugumizi kidogo. Alikuja kuangalia jinsi biolojia inavyosomeshwa. Baada ya vipindi, katika chumba cha walimu, mwalimu mkuu alimwambia kwa fahari kwamba kuna dundu aliyepewa jina la mwalimu wao. Kazija alilazimika kuitoa ile makala kabatini, mahali alipoitupa miaka miwili nyuma.

Dokta Abrahman aliisoma yote, bila haraka.

"Kazi safi," akasema. "Maelezo haya ni ya mtu mwenye jicho. Huyu Pyarali alisomea wapi?"

"Maelezo hayo niliandika mimi."

Aliinua kichwa. Kazija hakukusudia kusema, lakini maneno yakishatoka hayarudi, basi akamweleza yote. Ghala, shira, siku kumi na moja za kusugua, ukurasa wa kwanza wenye majina mawili. Alieleza kwa sauti kavu. Mhadhiri alisikiliza huku akiikunja na kuikunjua pembe ya karatasi.

"Dundu alikuwa na jina mlipoagana?"

"Tuliacha pengo."

"Sasa nimeelewa," akasema taratibu. "Unajua, mwalimu, katika kazi hii mwandishi haipi spishi jina lake mwenyewe. Ni aibu kubwa, hakuna mhariri anayekubali. Kama jina lako lingekuwa juu, miongoni mwa waandishi, dundu asingeweza kuitwa Kazija. Bila shaka rafiki yako alitaka kumpa dundu jina lako, mhariri akamwambia achague. Ama uwe mwandishi, ama dundu awe wako."

Kazija aliivuta makala, akalitazama lile jina la Kilatini.

"Wengi wangechagua kama alivyochagua yeye. Makala husomwa na watu ishirini, kisha hufunikwa. Lakini miaka mia mbili ijayo, mtu yeyote akitaka kumtaja dundu huyu, kwa lugha yoyote, itabidi atamke jina lako. Labda… labda angekuuliza kwanza."

"Aliniuliza," Kazija akasema.

Alijua wakati uleule, kama mtu anavyojua mlango umefungwa kwa kusikia komeo. Swali lilikuwa limeulizwa. Lilikuwa katika barua iliyopotea mwaka 1969. Dilshad aliketi katika mji wa baridi, akangoja jibu miezi mingi, jibu lisije, akachagua peke yake, kwa hofu, akaomba aambiwe kama kakosea. Na akaambiwa.

Jioni ileile Kazija aliandika barua ndefu, akaipeleka kwa anwani ya Uingereza. Ilirudi baada ya wiki tisa, imepigwa muhuri kwamba mwenye jina hili amehama. Akamwandikia mhariri wa jarida. Mhariri akajibu kwa adabu kwamba Bi Pyarali hawasiliani nao tena.

Alibaki mtu mmoja. Shangazi yake Dilshad, Bi Mumtaz, mjane, alikuwa bado anaishi Kiponda, ghorofa ya juu, na paka wake. Kazija alipanda ngazi mpaka juu.

"Shikamoo, Bi Mumtaz."

"Marahaba. Kazija? Wewe?" Bibi akamwondoa paka kitini. "Ingia. Kaa."

Kazija alikaa ukingoni mwa kiti. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma. Bi Mumtaz hakumkatiza. Alipomaliza, bibi alitikisa kichwa.

"Kaka yangu aliniandikia siku ilipofika barua yako. Kasema Dilshad aliisoma jikoni, akaikunja, akaendelea kuosha vyombo. Siku ya pili akazitoa kalamu zake za kuchorea, zote, akazigawa kwa watoto wa jirani. Hajachora tena mpaka leo."

"Yuko wapi?"

"Kanada. Kaolewa. Ana mtoto wa kike."

"Nipe anwani, Bi Mumtaz. Nakuomba."

Bibi alimchukua paka, akamweka mapajani, akawa anampapasa bila kumwangalia Kazija. "Aliniambia siku moja utakuja. Kasema, akija Kazija nisalimie, lakini anwani usimpe. Hana hasira, mwanangu. Usidhani ana hasira. Kasema kufungiwa mlango kumemuuma sana, hawezi kuufungua tena, halafu asubuhi moja akute umefungwa."

"Sikujua," Kazija akasema. "Wallahi sikujua."

"Nshajua kwamba hukujua. Yeye je, angejuaje?"

Bi Mumtaz alikubali jambo moja tu, kuitia barua ya Kazija ndani ya bahasha yake mwenyewe. Kazija aliiandika palepale mezani. Alijaribu kueleza, akachana. Akajaribu tena, akachana. Mwishowe aliandika kwamba barua ya swali haikufika, kwamba jibu lake lingekuwa lolote ambalo Dilshad angelitaka, na kwamba anamwomba radhi.

Baada ya miezi mitatu alirudi Kiponda. "Imefika," Bi Mumtaz akamwambia. "Kaisoma. Kasema ahsante."

"Ahsante tu?"

"Ahsante tu, mwanangu."

Alipeleka nyingine mwishoni mwa mwaka, na hiyo hakusikia lolote. Mwaka 1973 alipanda tena zile ngazi, akafunguliwa na mwanamke asiyemjua, amembeba mtoto kiunoni. Bibi wa Kihindi alikwishahama, akasema, mwezi wa pili sasa. Paka kamwacha. Hakuacha anwani.

Kazija alishuka, akapita njia ya mbali, akazunguka Mnazi Mmoja mara mbili ili macho yakauke kabla ya kufika nyumbani. Bi Mwatima alikuwa uwani akichambua mchele. Siku hizo alikuwa haoni vizuri, akichambua kwa vidole.

"Ulikwenda Kiponda? Wana habari gani za Dilshad?"

"Nzuri, mama. Hajambo."

"Kasemaje?"

Kazija alisimama nyuma ya mama yake, mahali ambapo asingeweza kuonekana.

"Kasema nikusalimie sana," akajibu.

"Alhamdulillahi," Bi Mwatima akasema, akiendelea na mchele. "Yule mtoto hasahau. Nawe ukimwandikia mwambie na mimi namsalimu, nnamwombea dua. Umesikia, Kazija?"

"Naam, mama."

Akaingia chumbani, akavuta mlango polepole usilie, akakaa chini sakafuni na kuuma ncha ya kanga, mama asisikie.